Gunia la Noti Chakavu

Kosa lilikuwa langu. Naliweka hapa mwanzoni kabisa, maana nikilichelewesha nitaanza kulipamba, na nikianza kupamba jambo hata mke wangu husinzia kabla sijafika katikati. Alhamisi moja saa kumi jioni, wakati wa kufunga hesabu, nilichukua bunda la noti kubwa, mpya, bado zinanukia wino, nikalitia kwenye gunia la noti chakavu. Sikujua kama nimefanya hivyo. Lakini mkono ulikuwa wangu, na kelele za utani zilizonisahaulisha zilikuwa zangu pia.

Mimi ni mtu wa benki, miaka kumi na tisa sasa. Nina diploma ya uhasibu, ipo sebuleni kwenye fremu, karibu na saa ya ukutani iliyokufa. Tawi letu ni dogo: madirisha manne ya wateja, mashine moja ya kuhesabia noti inayokohoa kama mvuta sigara, na kule nyuma, mwisho wa ukumbi mwembamba, chumba cha fedha chenye mlango wa chuma.

Wateja wengi wanadhani pesa zao tumeziweka mle kila mtu na kijisanduku chake. Hapana, jamani. Ukishaniachia pesa zinachanganyika na za wenzako, nyingi zinaenda kukopeshwa, kinachobaki mle ndani ni cha kuwatosha wanaokuja kutoa leo na kesho. Kinachokupa usingizi ni kuamini kwamba ukija tutakupa. Siku mkiamka wote mje pamoja, mimi mtanikuta nimeshatoka kwa dirisha la choo.

Na noti yenyewe ni karatasi. Inaishi kwa sababu wewe unaikubali na mwenye duka anaikubali. Ikichoka, ikachanika, ikalowa jasho la watu mpaka namba hazisomeki, hatuirudishi mtaani. Tunaitenga, tunaifunga mabunda, tunaitia guniani, gunia linapigwa lakiri, ule muhuri wa kufungia, na gari la Benki Kuu linakuja kulichukua. Huko noti zinakatwakatwa zinakuwa vumbi. Hazikaliwi matanga.

Sasa, mlango wa chuma haufunguliwi na mtu mmoja. Kuna funguo mbili na namba za siri mbili. Mmoja akiwa anazungusha namba zake, mwenzake lazima ampe mgongo, auangalie ukuta, asione. Hiyo ndiyo sheria, hata kama ni mume na mke. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kwanza. Wa pili alikuwa nao mkubwa wa makeshia, mwanamke tuliyemwita Bi Dakika, kwa sababu saa zetu zote tulizirekebisha kwa kumwangalia yeye akiingia getini.

Miaka kumi na mmoja tumepeana migongo. Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi. Mimi nazungusha namba zangu, kisha nageukia ukutani, kwenye kalenda ya kampuni ya bima yenye picha ya familia inayocheka bila sababu. Yeye anakuja na ndala zake, chap, chap, maana viatu vya kisigino alikuwa havivai mpaka wateja waingie. Nikiwa nimempa mgongo namtupia utani. Hacheki. Anaguna tu, "Mh," kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akimaliza anasema maneno mawili: "Geuka sasa." Wala sikuwahi kugeuka kabla hajasema.

Alhamisi hiyo kichwa kilikuwa kinamuuma. Nilimwona anajikandamiza kipaji cha uso kwa kidole gumba.

"Dada, leo umekunja uso mpaka noti zinaogopa kuhesabiwa," nikamwambia.

"Kaka, niache. Gunia umelimaliza?"

"Mabunda ishirini. Njoo uhesabu tutie sahihi."

Sheria ni wawili kuhesabu. Akaliangalia gunia, akaniangalia mimi, akachukua kalamu. "Leo nimekuamini," akasema, akatia sahihi kwenye lebo.

"Makubwa! Umeanza lini?"

"Nisikujutie tu."

Nikapiga lakiri. Tukaliweka rafu ya mwisho kabisa, kule ndani. Nikafunga kufuli langu, nikamwacha afunge lake, nikawahi nyumbani.

Ijumaa asubuhi umeme ulikuwa umekatika, ukumbi una ile nuru hafifu ya rangi ya maji ya ukoko. Mlinzi alinifungulia geti huku anapiga miayo. Sikumuuliza nani kaingia, kwa sababu gani nimuulize? Nikaweka ufunguo wangu, nikazungusha namba, nikageukia ukutani. Ndala zikaja. Chap, chap.

"Habari ya kichwa, dada?"

Hata kuguna hakuguna. Nikajua bado kinauma. Nikaanza kumpa dawa yangu.

"Nisikilize. Muuza vitunguu mmoja kaweka pesa benki. Baada ya wiki karudi, anataka kuziona. Keshia kamtolea noti. Akazinusa, akasema hizi siyo zangu, zangu zilinuka vitunguu. Keshia akamwambia, baba, pesa zote ni sawa. Yule mzee akavua kofia, akasema..."

"Geuka sasa."

Nikageuka. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na sauti ya ndala ilikuwa inaishia kwenye kona ya ukumbi, upande wa madirisha. Nikaingia ndani nikajikwaa. Gunia la noti chakavu lilikuwa kizingitini. Lebo imeangalia juu, sahihi yake na yangu. Nikalaani aliyelisogeza, nikalirudisha rafuni kwake. Kwenye daftari la funguo, upande wa pili, Bi Dakika alikuwa ameshasaini: saa moja na nusu.

Nilipofika madirishani, kiti chake kilikuwa kitupu na meneja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na simu mkononi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto hajui aiweke wapi.

"Bi Dakika ametutoka," akasema. "Mshipa wa kichwani. Saa kumi na moja alfajiri, hospitali."

Mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema, "Meneja, acha utani, nimefungua naye mlango sasa hivi." Yule meneja wetu ni kijana mwenye tai, hajui utani hata ukimchorea. Akaniangalia tu. Mlinzi akaja, akasema mama hajaingia getini leo.

Tukafanya kazi siku hiyo, maana benki haifungwi kwa msiba. Jioni meneja akatoa ufunguo wa akiba na namba kwenye bahasha yenye lakiri, ili tuweze kufunga. Kabla ya kufunga tukahesabu, tukakuta upungufu. Bunda moja la noti kubwa. Tukarudia mara tatu, mashine ikakohoa mara tatu, jibu likawa lile lile.

Meneja akaketi. Akafikiri, nami nikaona kwa macho yangu jinsi mawazo yalivyokuwa yanamnyookea.

"Asubuhi mlango ulifunguliwa vipi, na ufunguo wa pili uko kwa marehemu?"

"Alifungua yeye."

"Mzee wangu. Alikuwa ameshafariki."

"Basi sijui."

"Mimi najua. Jana hakufunga. Wewe uliondoka, yeye akabaki mwisho. Akaacha kufuli lake wazi, akachukua bunda, na daftarini akatangulia kusaini ya leo, ili ionekane kila kitu ni kawaida." Akagonga ile sahihi kwa kidole. "Ona. Marehemu anaweza vipi kusaini?"

Kila alichofanya yule mama kunifungulia mlango, ndicho kilichokuwa kinamfunga. Na mimi, naapa, bunda nililotia guniani lilikuwa halijanirudia kichwani. Nilijua kitu kimoja tu: dada yangu si mwizi. Lakini kujua kwangu hakuna safu kwenye ripoti.

Tukamzika Jumamosi. Jumatatu binti yake akaja benki, msichana mkubwa, yuko mwaka wa mwisho chuoni, macho yamevimba. Kwa kuwa mama yake aliniita kaka, mimi kwake ni mjomba. Ujomba huo nilipewa bila usaili. Meneja akamweleza kwa sauti ya taratibu, ile ya kumnyima mtu mkopo. Mafao ya mama yanasimama mpaka suala la upungufu liishe. Likithibitika, hakuna mafao, na jina litaingia kwenye orodha.

"Orodha gani?" binti akauliza.

"Ya wafanyakazi wasio waaminifu."

Binti hakulia. Akafungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso ufunguo. "Huu hapa wenu. Mama alikufa kaushika mkononi. Tulijaribu kumfungua vidole, hata daktari alijaribu, havikufunguka. Tukamwacha hivyo hivyo." Akanigeukia mimi. "Halafu, mjomba, vikalegea vyenyewe. Niliangalia saa. Ilikuwa saa moja na nusu."

Meneja akasafisha koo, akaomba aandike hati ya kupokea ufunguo. Mgongoni mwangu ilipita baridi kuanzia kisogoni, ikashuka pingili moja moja kama inahesabu.

Nikamsaidia binti kukusanya vitu vya mama yake kwenye mfuko: kikombe, miwani, kitana, zile ndala chini ya kiti. Mlangoni akanishika mkono.

"Mjomba, wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku. Alichukua?"

"Hakuchukua."

"Basi waambie."

"Nitawaambia nini, mwanangu?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye mjomba."

Usiku huo mke wangu aliniuliza kwa nini sisemi. Nikamwambia nimechoka. Akasema kwangu kuchoka ni kuongea maradufu, huo ni ugonjwa mwingine.

Jumanne ndiyo siku ya gari la Benki Kuu. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni na meneja, yeye sasa na ufunguo wa pili. Nikazungusha zangu, nikageukia kalenda. Umeme ulikuwepo, taa zote zinawaka, hakuna kivuli hata cha kusingizia. Nyuma yangu nikasikia gurudumu la namba linazunguka, tik, tik, na pumzi za meneja, anapumua kwa mdomo.

Kisha nikasikia nyayo. Hazikuwa na ndala. Zilikuwa za miguu mitupu juu ya vigae, polepole, kama kiganja kinachopiga meza. Nikakumbuka: ndala tumempa binti. Zikaja zikasimama kati yangu na meneja, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya mgando aliyokuwa akijipaka Bi Dakika.

"Geuka sasa."

"Umesema?" meneja akauliza.

"Sijasema kitu."

"Nimesikia mtu anasema."

"Mimi pia."

Tulipogeuka tulikuwa wawili tu. Meneja alikuwa na jasho juu ya mdomo. Akasukuma mlango wa chuma, ukafunguka nusu, ukagoma. Kitu kilikuwa kimeuzuia kwa ndani. Akapenyeza mkono, akapapasa, akautoa haraka.

"Nani ameacha gunia mlangoni?"

Chumba kile tulikifunga wenyewe Jumatatu jioni, yeye na mimi. Gunia nililiona kwa macho yangu likiwa rafuni.

Tukalivuta. Lebo imeangalia juu. Sahihi yangu ilikuwa kama ilivyokuwa. Ya Bi Dakika wino ulikuwa unang'aa, umelowa, kama imeandikwa dakika hiyo. Nikaigusa. Kidole kikatoka na bluu.

Hapo ndipo Alhamisi iliponirudia, yote, kama noti inayotoka kwenye mashine. Niliona meza. Niliona mabunda mapya, yaliyokwisha kuhesabiwa, upande wa kushoto, chakavu upande wa kulia, mimi natupa guniani huku nimegeuza shingo, nawaigizia vijana wa madirishani jinsi mteja mmoja anavyolamba kidole kabla ya kuhesabu. Wakacheka. Nikaigiza tena. Mkono ukaendelea kuokota wenyewe, kulia, kushoto, kulia. Bunda hai nimelitia kati ya wafu, nikalipiga lakiri. Na mtu pekee aliyetakiwa kunihesabia aliniamini.

Nikasimama pale na kidole changu cha bluu, nikapiga hesabu nyingine. Nikisema, nimevunja sheria ya kuhesabu wawili, nimesababisha upungufu, nimemwacha marehemu akachafuliwa siku nne. Kazi inaweza kwenda. Nina watoto watatu, ada zao zinapanda kama moshi. Nikinyamaza, gari linakuja, gunia linaondoka, noti zinakuwa vumbi, nzuri na mbovu pamoja, na hakuna mtu duniani atakayejua. Dada atabaki mwizi, mimi nitabaki mcheshi.

Nikanyamaza. Naliandika hili pia. Zaidi ya saa nzima nilinyamaza.

Saa tatu kasoro gari likaingia uani, injini haizimwi, wanaume wawili wenye kofia ngumu wakashuka na karatasi. Mlinzi akalibeba gunia begani. Alipopita mbele ya kiti kitupu cha Bi Dakika akapepesuka, akasema, "Hili leo lina uzito wa mtu." Akalitua sakafuni apumzike.

Mimi nikatoka dirishani kwangu, nikaenda nikalikalia.

"Mzee, unafanya nini?" meneja akauliza.

"Nimekaa."

"Wateja wanakuangalia."

"Waangalie, leo ni bure. Meneja, gunia hili haliondoki mpaka lifunguliwe."

"Lina lakiri. Ukilifungua tunaandikiana barua mpaka mwaka ujao."

"Lina bunda zima. Mimi ndiye nimelitia. Alhamisi. Hatukuhesabu wawili."

Akainama, akanisogelea sikioni. Si mtu mbaya yule kijana. "Unajua unachojifanyia?"

"Najua."

"Ripoti nimeshaipeleka. Yeye amekufa, hawezi kuumia tena. Wewe una familia."

"Na yeye ana familia. Fungua."

Wale wa Benki Kuu wakawa mashahidi. Tukalifungulia kwenye meza ya nyuma. Harufu ya noti zilizochoka ikatoka, harufu ya mifuko, ya samaki, ya dawa, ya mikono ya watu ambao wengine wao wamekwisha kufa. Lebo ilisema mabunda ishirini. Tukahesabu kwa mkono, mimi na meneja, bunda moja moja, kwa sauti. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Chini kabisa, safi kama shati la sikukuu, ishirini na moja.

Meneja akalishika muda mrefu. Kisha akaomba daftari la funguo, akalifungua ukurasa wa Ijumaa, akaiangalia ile sahihi ya saa moja na nusu.

"Na hii?" akaniuliza taratibu. "Hii tutaiandika nini?"

"Mimi sina la kuandika."

Akafunga daftari. "Hii tuiache," akasema, na sauti yake haikuwa ya mikopo.

Wiki hiyo hiyo mafao ya Bi Dakika yaliruhusiwa, na kwenye orodha jina lake halikuingia. Mimi nilipewa barua ya onyo kali, nikavuliwa ufunguo, mshahara ukashuka ngazi mbili. Sasa nakaa mlangoni, nawapa wateja namba za foleni na kuwafundisha wanaotaka kuziona pesa zao zile zile. Binti alikuja kunishukuru. Nilimwomba asinishukuru. Akaniita mjomba, akaondoka.

Lakini kabla sijavuliwa, ilibaki asubuhi moja, ya kukabidhi. Saa moja na dakika ishirini na tano nilikuwa ukumbini na meneja. Nikamwomba aniache dakika tano. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda akasimama kule madirishani, akanipa mgongo, kama sheria inavyotaka.

Nikaweka ufunguo, nikazungusha namba zangu kwa mara ya mwisho. Nikageukia ukuta. Familia ya kalenda ilikuwa bado inacheka. Nikasubiri. Nilisikia maji kwenye bomba, gari likipita mbali, tumbo langu.

"Dada," nikasema, "ile ya muuza vitunguu hukunisubiri niimalize. Keshia akamwambia, baba, pesa zote ni sawa. Yule mzee akavua kofia, akasema, sawa? Basi wewe leo nenda ukalale kwangu, mimi nitakwenda kulala kwako, maana vitanda vyote ni sawa."

Hakuna aliyeguna.

"Gunia tulilifungua. Tulihesabu wawili, kwa sauti. Jina lako ni safi, dada, na mtoto amepata haki yake."

Saa ya ukumbini ikafika moja na nusu; niliisikia ikiruka dakika. Vigae vilikuwa kimya. Shingo iliniuma kwa kujizuia. Miaka kumi na mmoja sijawahi kugeuka kabla hajasema, na siwezi kuanza leo.

"Nisamehe, halafu useme, dada. Sema nigeuke."